Mwanzi Mzee wa Kichaka

Mshale wa kwanza ulipinda mchana kweupe, mbele ya macho ya fundi, naye akaulaumu mwanzi.

"Mpumbavu wewe," aliuambia. Akaurudisha juu ya makaa, akaupasha moto kwenye kifundo, akauminya kwa kidole gumba mpaka ukakubali. Akafumba jicho moja, akauangalia urefu wake. Sawasawa. Akaulaza mezani na wenzake. Mtaa mzima ulimwita Mnyoofu, na si kwa ajili ya mishale tu. Hakuwahi kumpa mtu kijiti kibovu akakiita mshale.

Alipogeuka kuchukua manyoya, mishale yote ilikuwa imepinda.

Mwanzi mbichi hupinda, hilo halihitaji shule. Lakini kila mmoja hupinda kivyake, kama walevi wakitoka kilabuni. Hii ilipinda upande mmoja, ncha zote zikielekea mlango wa jikoni, mkewe alikokuwa akiosha vyombo.

"Mke wangu, hebu hamia uani."

"Nikafanye nini uani?"

"Hamia tu, nakuomba."

Mke akatoka na karai lake, akinung'unika kwamba siku hizi anaswagwa kama mbuzi. Mezani kukasikika mkwaruzo mdogo, wa vitu vikavu vinavyojigeuza. Ncha zikamfuata.

Fundi akaketi. Tangu klabu ya wapiga pinde za asili iagize mishale ya mashindano, hakuwa amelala usingizi wa mtu. Mgongo ulimuuma, vidole vilibabuka, na sasa hata hofu ilimjia ikiburuta miguu.

Kabla jua halijatua mkewe alianza kukohoa. Kikohozi kikakatika, ikabaki filimbi: kila akivuta pumzi, kifua chake kililia kama mwanzi mtupu unaopulizwa mdomoni, na chumba kikajaa harufu ya tope la mtoni.

Akaitwa shangazi yake fundi, mwanamke mfupi aliyezoea kuwatoa watu majini na pepo huku akiwatukana ndugu zao. Hakusalimia. Aliokota mshale, akaunusa.

"Umekata wapi?"

"Kule mtoni, shangazi."

"Mzee ulimwacha?"

Kila mkata mianzi anajua kwamba kichaka hakifyekwi chote. Ule mnene wa katikati, mzee wao, huachwa umesimama, hata uwe mzuri kuliko yote.

"Nilifyeka wote," alisema. "Mkono ulikuwa mzito, nikachoka kuchagua. Panga likapita."

"Angalau hudanganyi. Basi mwenyewe, jini wa kichaka, alikuwa anakaa humo. Umemvunjia nyumba, ametafuta chochote chenye uwazi ndani, akakiona kifua cha mkeo."

"Nimrudishe kichakani."

"Kwenye visiki? Wewe ungekubali kulala juu ya msingi?"

Shangazi akapiga magoti kando ya kitanda, akamwekea mgonjwa kiganja kifuani, akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Midomo ya mke ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, kavu, na haikuwa na haraka.

"Hapa pana joto. Nitatoka nikipewa pengine."

"Usimjibu, mwanangu," shangazi alinong'ona bila kugeuka. "Jini akiomba nyumba, anayejibu ndiye anayempangisha."

Fundi akanyamaza, akanyamaza huku filimbi ikipanda na midomo ya mkewe ikigeuka rangi ya majivu, huku mbavu zake zikianza kuonekana kwenye ngozi moja juu ya nyingine kama vifundo, huku tope likinuka mpaka machozi yakamtoka, na mkono wa mkewe, uliofunga manyoya ya kila mshale aliopata kuuza, ukimpapasa shukani, ukamkosa, ukampapasa tena, mpaka akahisi hana hata nguvu ya kuogopa, na neno likamtoka kama mzigo unavyomtoka mtu begani.

"Njoo kwangu."

"Ewe mjinga!" shangazi alipiga kelele.

Filimbi ilikatika. Mke akavuta pumzi, pumzi ya kawaida kabisa, akaomba maji. Shangazi alifunga kitambaa chake kichwani, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mishale ilikuwa imenyooka yote. Fundi alikuwa kazini kabla mkewe hajaamka, akapasha, akaminya, akachonga mahali pa kupachika uzi wa upinde, hakunyoosha mgongo, hakupiga mwayo, hakunywa hata maji. Alipotoa vidole kwenye makaa havikuwa na malengelenge. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mke alimletea uji, akamwekea mkono begani.

"Basi, baba. Mtu huchoka. Pumzika kidogo, mume wangu."

Aliinua uso. Alitabasamu kwa adabu, kama mgeni anayejua kukaa kwa watu.

"Amelala, shemeji," alisema. "Mwache apumzike."