Aliyetupa Wafalme

Mwalimu wa hesabu alikutwa chini ya mteremko unaoanzia mbele ya nyumba ya fundi cherehani, pikipiki imemlalia na mguu umevunjika. Ilikuwa Jumapili alasiri. Waya wa breki ulikuwa umekatwa kwa koleo.

Mpelelezi, mwanamama mfupi asiye na papara, aliikuta meza ya sebuleni kwa fundi kama ilivyoachwa. Wanne, yaani mwalimu, fundi na mumewe, na jirani yao, walikuwa wakicheza poka, dau lao vifungo vya shati. Mwalimu alijitoa mchezoni, akaaga. Punde kishindo kikawatoa mbio waliobaki. Karata zilikuwa bado zimelala kifudifudi mbele ya kila kiti.

"Najua mtanishuku mimi," alisema jirani yao, nesi. "Nilipokuja nilipita pale pale ilipokuwa pikipiki. Na ndiyo, aliwahi kunichumbia akaniacha kwenye mataa."

"Baada ya wewe kufika, pikipiki ilitumika tena?"

"Alikwenda kufuata soda, akarudi."

"Salama?"

"Salama kabisa."

"Basi breki zilikatwa baadaye. Nani aliinuka mezani baada ya soda?"

Fundi cherehani alimtazama mumewe, daktari wa meno.

"Nilikwenda kubandika chai," alisema daktari. "Mke wangu aliongeza dau. Mimi karata zangu takataka, nikajitoa. Nilimwacha mwalimu anajiuma kucha, afuate dau au asifuate. Akifikiri, yule, chai inachemka."

Mpelelezi alizifunua karata za daktari. Wafalme watatu.

Nesi aliguna. "Shemeji! Hizi ndizo takataka?"

"Mwenye wafalme watatu huongeza dau," alisema mpelelezi. "Akiwa mwoga sana, atafuata. Hajitoi, labda awe na shughuli inayomwasha kuliko mchezo. Koleo liko wapi, daktari?"

Daktari akapasuka.

"Kila Jumapili! Mke wangu na mwalimu wanatazamana juu ya karata, wanachekeana, na mimi nipo hapo hapo kama kabati! Nilitaka aanguke, achubuke, akome kuja. Sikujua atafika mpaka kwenye mteremko na ile kasi."

"Nilikuwa namtazama usoni nijue kama niongeze au nijitoe," mkewe alisema taratibu. "Ulisema sijui kucheza, nakuchosha. Nikajifunza ili nawe upende kukaa na mimi."

"Uongo."

"Mume wangu, wengine lazima niwapime nyuso. Wewe uso wako naujua. Leo ulipoinua karata, niliona umepata kubwa. Halafu ukazitupa. Nikadhani umeniachia nishinde. Ulipokuwa nje unakata waya, mimi nilikuwa nimekaa hapa, moyo mweupe, nasema leo mume wangu amenipenda."

Mpelelezi alimshika daktari mkono, wakatoka.