Vyombo Kumi na Kimoja vya Fundi Gaspard

Inspekta Rebecca Vahwere hakuwa na gari. Hakuwa na maabara, wala unga wa kuchukulia alama za vidole, wala kamera nzima. Tangu Machi hakuwa na msaidizi. Na Ijumaa hiyo hakuwa na muda: saa tisa alasiri lori la magereza lingemchukua Muzee Gaspard, fundi kufuli, na daktari alisema kwa pumu yake hatamaliza miezi miwili gerezani.

Siku tatu kabla, Aimé, mnunuzi wa dhahabu mjini Bunia, alikuta sanduku lake la chuma li wazi na tupu. Mlango haukuvunjwa. Kufuli haikuwa hata na mkwaruzo. Dhahabu ya wachimbaji arobaini, Wakristo kwa Waislamu, ilikuwa imetoweka.

Kufuli hiyo aliitengeneza Gaspard. Tena, daftari la Barua Salama, kampuni ndogo ya vifurushi, lilionyesha kwamba Gaspard alipokea vyombo kumi na kimoja vya kufungulia kufuli kutoka Kampala. Muhuri wake ulikuwa pale. Mwendesha mashtaka hakutaka zaidi.

Vahwere alitaka zaidi. Saa nne asubuhi alimtoa Gaspard seli, wakaenda kwa miguu hadi Barua Salama.

"Dady," alimwambia karani, "nisomee kanuni ya vyombo hivi."

Dady alisoma kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. "Vyombo vya kufungulia kufuli havipelekwi kwa mtu yeyote ila fundi anayejulikana. Kila chombo kiandikwe kwa namba yake. Mpokeaji aonyeshe kwamba anaijua kazi."

"Anaonyeshaje?"

Dady akaweka kufuli ya shaba juu ya kaunta. "Na hii, mama inspekta. Nasemaka: fungua. Akifungua, iko fundi. Akishindwa, koli, kifurushi chote, inarudi Kampala."

"Na yule alifungua?"

"Mara moja! Alichagua chombo kimoja ndani ya koli, kra, ikafunguka. Hakusema neno."

"Ulimwona sura?"

"Sura gani, mama, na hii vumbi yetu? Alikuwa na kaske ya pikipiki kichwani na kitambaa mpaka kwa macho. Karatasi ilisema Gaspard, muhuri ulisema Gaspard. Miye nibishane na muhuri?"

Vahwere alimfungua Gaspard pingu. "Muzee, fungua kufuli hiyo."

Mzee aliitazama. Akakunja mikono.

"Ni ya nani?"

"Ya ofisi," alisema Dady.

"Ofisi haina sura. Mwenye kuinunua iko wapi? Na majirani wake wawili, mashahidi, wako wapi?"

"Muzee! Lori ya prizo inakungojea!"

"Ingojee. Niliapa mbele ya bwana aliyenifundisha: bila mwenyewe na majirani wawili, sigusi kufuli ya mutu. Hata kabati yetu ilipokataa kufunguka, bibi yangu aliita majirani kwanza. Walikuja, wakaona, wakakula na chakula yetu."

Dady alicheka. Vahwere hakucheka. Aliyechukua kifurushi hakuuliza swali lolote!

"Muzee, nani alijifunza kwako akaondoka bila kuapa?"

Pumzi ya Gaspard ilipiga filimbi.

"Lionel, wa mtaa wa Ngezi. Nilimufukuza sababu alifungua sanduku ya mwanamuke bila yeye kujua. Sasa ni miaka kumi. Lakini iko na mikono muzuri, mama. Kupita yangu."

Gaspard alirudishwa seli, maana sheria ni sheria. Vahwere na Dady wakapanda pikipiki mbili kwenda Ngezi. Dady alikumbatia daftari. Inspekta alikuwa na kufuli ya shaba mfukoni. Ilikuwa saa saba na nusu.

Vahwere aliingia karakana ya Lionel peke yake, akiwa na kitenge na kikapu kama mama anayerudi sokoni.

"Fundi, nifungulie hii upesi. Niko na safari."

Lionel, mtu wa miaka hamsini mwenye vidole virefu, alichukua mfuko wa ngozi kutoka rafuni. Akachagua ndoano nyembamba. Kra.

"Imekwisha! Wengine wangekukatia na msumeno, mama. Siye tunabembeleza tu."

Vahwere alimshika kifundo cha mkono, ndoano ingali vidoleni.

"Haukuniuliza ni ya nani."

"Ni ya nani?"

"Ya Barua Salama. Leo umeifungua mara ya pili. Mimi ni polisi. Dady!"

Dady aliingia mbio, daftari wazi.

"Namba ya chombo hiki ni 4407," alisema Vahwere.

"Chombo cha saba," Dady alipaza sauti, "elfu ine, mia ine na saba! Njo hiyo, mama! Ndiyo yenyewe!"

"Vyombo vinafananaka," alisema Lionel.

"Namba hazifanani."

Dhahabu ilikuwa ndani ya kopo la grisi. Yote.

"Hukuuza hata chembe. Kwa nini uliiba?"

Lionel aliketi. "Siitaki ile dhahabu! Mara tatu niliagiza vyombo Kampala. Mara tatu vikarudishwa: 'Haujulikane.' Mu Bunia muzima anayejulikana iko mumoja. Nikachonga muhuri wake. Nikafungua kufuli aliyomutengenezea Aimé. Nilisema: muzee akiingia prizo, watatafuta fundi mwingine. Nani anabaki? Miye!"

"Ungerudi kwake, ukaapa."

"Nipige magoti? Miaka kumi nilingojea atume mutu aniite. Hakutuma."

Saa nane na nusu Lionel alikuwa seli, na nje ya kituo cha polisi injini ya lori ilikuwa tayari inanguruma. Vahwere aliandika akiwa amesimama: mwizi amekiri, mali imepatikana yote, Gaspard aachiliwe leo hii. Alisoma mara mbili, akasahihisha neno moja, akakunja. Akapaka gundi, akagonga muhuri juu ya mfuniko wa bahasha.

"Mkononi mwa mwendesha mashtaka mwenyewe," alimwambia Dady. "Asome mbele yako, atie sahihi, urudi kabla ya saa tisa."

Dady aliingiza barua ndani ya shati, na pikipiki ikaruka.