Joto Ndani ya Kasha la Barafu

Kila siku akitoka shule, Cherehani alitupa mkoba kitandani, akanywa maji wima wima, akawa nje kabla kikombe hakijatulia mezani. Bibi yake ndiye aliyempa jina hilo. Alisema mjukuu wake hata akiketi kula, mguu mmoja hukanyagakanyaga chini ya meza kama fundi aliyechelewesha nguo za watu. "Hashoni kitu," Bibi alipenda kusema, "lakini mashine haizimwi."

Siku hiyo hakuwahi kufika mlangoni. Mama alikuwa anamsubiri jikoni, tayari amevaa sare yake nyeupe. Mama alikuwa mpishi katika jiko la hospitali, na jioni hiyo alikuwa na zamu. Kesho yake alfajiri familia nzima ingepanda teksi ya Baba kumpeleka Bibi kwa dada yake. Wawili hao hawakuwa wameonana kwa miaka sita. Ilikuwa safari ya mwendo wa saa tisa, na Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari. Hakuweza kula kila anachokikuta njiani, wala kula saa yoyote tu. Kwa hiyo chakula cha njiani kilitoka nyumbani.

"Njoo uone," Mama alisema akifunua sufuria mbili. Moja ilikuwa na kuku aliyetolewa mifupa, nyingine viazi na karoti zilizochemshwa. "Hiki kitaliwa baridi. Kazi ya moto nimemaliza, imebaki kazi ya subira. Kitandaze kwenye sinia hizi mbili, usikirundike. Kikipoa kabisa, kitie kwenye mabakuli, funika, weka kwenye friji. Asubuhi ndipo tutakihamishia kwenye kasha la barafu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Usikifunike kikiwa na moto."

"Mama jamani! Mimi si Profesa."

Profesa alikuwa mdogo wake wa miaka saba, aliyejua kila kitu. "Na mimi nisingesahau!" alijibu kutoka uani, alikokuwa akimsaidia Baba kuosha gari.

Mama alicheka, kisha akamshika Cherehani bega. "Sijawahi kumwachia mtu chakula cha safari. Leo nakuachia wewe."

Alipoondoka, Cherehani alikitandaza chakula kama alivyoagizwa. Akaketi. Akakipepea kwa mfuniko wa sufuria. Akagusa kiazi kimoja, akanyonya kidole. Moto! Akasimama, akaketi tena. Mvuke ulipanda polepole, kama vile haukuwa na pa kwenda.

Nje kamba ilikuwa inapiga chini: pa, pa, pa. Wasichana wa safu yao ya nyumba walikuwa wakishindana na wa safu ya pili, na hakuna aliyeruka kamba kumshinda Cherehani.

"Cherehani!" sauti iliita dirishani. "Tunashindwa huku! Au umeolewa na sufuria?"

Wote wakaangua kicheko.

Aligusa tena. Moto uleule. Macho yake yakaangukia kasha la barafu lililokuwa pembeni, la buluu, lenye kuta nene. Akawaza: kasha hili kazi yake ni kupoza. Kwani linaitwa la barafu bure? Alizoa kuku na viazi vyote, akavishindilia katika bakuli moja kubwa la plastiki, maana mabakuli mawili yangemchukulia muda. Akabana mfuniko, akalitumbukiza bakuli kashani, akafunga. Kabla sinia hazijakauka mvuke, alikuwa katikati ya kamba.

Safu yao ilishinda. Usiku alilala usingizi mzito.

Alfajiri nyumba ilikuwa mbiombio. Baba alipiga honi mara mbili. Profesa alitafuta kiatu ambacho alikuwa amekivaa. Mama, akimfunga Bibi kitambaa kichwani, aliuliza kutoka chumbani, "Chakula umeshakipanga kashani?"

"Ndiyo, Mama."

"Jana ulikipoza kwenye sinia? Kabisa?"

"Ndiyo."

Neno hilo la pili lilitoka jepesi kuliko la kwanza. Alitoa chupa za maji yaliyoganda kwenye friji, akafungua kasha ili azipange juu ya bakuli. Hewa ya uvuguvugu ilimgusa uso. Akafunga upesi.

Walisafiri. Bibi aliketi mbele na Baba. Mama, Profesa na Cherehani walikaa nyuma, na kasha likawa chini ya miguu ya Cherehani. Jua lilipanda. Profesa alihesabu malori, kisha ng'ombe, kisha akaanza kuhesabu mara ambazo Baba alimwambia anyamaze.

"Mtunza chakula wetu," Baba aliita baada ya mwendo wa saa tatu, "nipitishie maji ya baridi."

Cherehani alifungua kasha. Chupa zilizokuwa zimeganda zilikuwa maji matupu, na ndani ya kila moja kilielea kipande kidogo tu cha barafu. Alishangaa. Zilipaswa kudumu hadi jioni. Aliingiza mkono chini zaidi, akashika ubavu wa bakuli. Ulikuwa na joto, kama tumbo la paka aliyelala.

Alimpa Baba chupa, akafunga kasha.

Aliwahi kumsikia Mama akisimulia kazi yake ya jikoni. Kwamba chakula kilichopikwa kikikaa muda mrefu katika uvuguvugu, si cha moto wala si cha baridi, vijidudu huzaliana humo bila mtu kuviona. Kwamba ndiyo sababu jikoni mwa hospitali hupima joto la kila sufuria. Alihesabu kwa vidole: jana jioni, usiku kucha, asubuhi hii.

Sema sasa, alijiambia. Akafungua mdomo.

"Unajua, Baba Profesa," Mama alisema wakati huohuo, "safari hii sijagusa chakula kabisa. Binti yako ndiye aliyekifunga."

"Wacha wee!" Bibi aligeuka, uso wote ukicheka. "Basi leo nitakula mpaka nisahau ninakokwenda."

Mdomo wa Cherehani ukafumba.

Kuanzia hapo hakupata raha. Alifungua dirisha, akalifunga. Alisogeza miguu ili isiguse kasha, ikakosa pa kukaa. Kila jiwe la kilomita lililopita lilimsogeza karibu na saa sita, saa ya Bibi ya kumeza dawa na kula. Aliinamisha kichwa, akaomba kimyakimya: Ee Mungu, kipoze chakula hiki. Kifanye kiwe kizuri. Akaomba tena na tena, lakini hakupata amani. Mwisho alielewa kwa nini. Alikuwa anamwomba Mungu afanye kazi ambayo ilikuwa ya mdomo wake mwenyewe.

"Mama, Cherehani anaumwa," Profesa alitangaza. "Anatoka jasho puani."

"Siumwi! Niache!"

"Anaumwa na ni mkali."

Saa sita kasoro Baba aliegesha gari kando ya barabara, penye kibanda cha kupumzikia abiria chenye mabenchi ya saruji. Mama alitandika kitambaa. Bibi alitoa kidonge chake, akakimeza kwa funda moja la maji, akasema sala fupi ya kushukuru. Mama alifunua bakuli, akamtilia Bibi kwanza, kama heshima inavyotaka.

Bibi aliinua kipande cha kuku.

"Bibi, usile!"

Cherehani alikuwa ameshamdaka mkono. Kipande kikaanguka kwenye kitambaa. Kila mtu alimtazama.

"Sikukipoza," Cherehani alisema. "Nilikifungia kashani kikiwa na moto. Jana. Nikaenda kuruka kamba. Nilidhani kasha litakipoza."

Mama alizamisha kijiko hadi katikati ya bakuli, akagusa kwa kidole chakula kilichotoka chini. Uso wake ukabadilika. "Nilikuuliza asubuhi. Nilikuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na ukanijibu nini?"

Machozi yalianza kumtiririka. "Nilisema ndiyo."

Baba alinusa bakuli. "Mbona hakinuki vibaya?"

"Sisi kazini hatungoji kinuke," Mama alijibu. "Vijidudu havipigi hodi. Mimi na wewe tungeharisha siku mbili, tukapona. Mtu wa sukari tena mzee, huku porini, ungemkimbiza wapi?"

"Kesi mtaisikiliza baadaye," Bibi aliingilia. "Dawa imeshashuka, nayo haingoji hukumu. Nipeni kitu nile."

Cherehani hakungoja kuagizwa. Alikimbilia garini, akaja na mfuko wa vitafunio: mkate, karanga, ndizi ambazo hazijamenywa. Hivyo havikuwa vimekaribia bakuli lile. Alimmenyea Bibi ndizi, akamkatia mkate, akasimama akimtazama akitafuna hadi alipomaliza. Mama naye alimtazama. Ilipita robo saa, Bibi akapangusa midomo na kusema yuko sawasawa. Hapo ndipo Cherehani alivuta pumzi.

Mkate uliobaki waligawana wanne. Haukutosha. Profesa aliuangalia mfuko mtupu kwa huzuni. "Kuku mzima!" alisema. "Kuku mzima, Cherehani!"

Mama alimpa Cherehani bakuli na mifuko miwili. "Kifunge vizuri, ukitupe kwenye pipa lenye mfuniko. Mbwa wa watu nao wana matumbo."

Alipokuwa akikitupa alilia tena, maana aliona vipande vyote vya kuku ambavyo Mama alivitoa mifupa kimoja kimoja kabla ya zamu yake. Alirudi, akapiga magoti mbele ya Bibi, kisha mbele ya Mama. "Nisameheni. Nilitaka kusema tangu kule nyuma. Nikaogopa, kwa sababu mlikuwa mnanisifu."

Mama alimwinua, akamketisha kwenye benchi, akalivuta kasha lile tupu.

"Hili kasha halipozi wala halipashi," alisema. "Kuta zake zinatunza tu. Ukitia baridi, linatunza baridi. Ukitia moto, linatunza moto, na barafu yako inakwisha bure. Hilo hukulijua, na kutojua si dhambi. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi niliwahi kumwaga sufuria nzima ya uji. Lakini asubuhi ulipoulizwa, hapo hukukosa kujua. Uliamua."

"Ndiyo, Mama."

"Na moyo nao ni kasha, mwanangu. Uongo ukiufungia humo haupoi wenyewe. Unakaa na joto lake hadi ufungue. Leo umefungua umechelewa, lakini hukuchelewa kupita kiasi. Mungu ashukuriwe kwa hilo."

"Amina," Bibi aliitikia.

Waliingia garini wakiwa na njaa. Baba aliwasha injini, akamtazama Mama kwenye kioo. "Haya, na chakula cha safari ya kurudi, atakifunga nani?"

Profesa aliinua mkono juu kabisa. Cherehani alitazama magoti yake.

"Yeye huyuhuyu," Mama alisema.

"Mama!" Profesa alilalamika. "Si ameharibu?"

"Ameharibu, na amesema mwenyewe kabla mtu hajaumia. Mtu anayeweza kusema 'nimekosea' huku watu wanamsifu, huyo ndiye ninayeweza kumwachia jiko." Mama alifunga mkanda. "Twende, Baba Profesa. Dada yake Bibi anatusubiri, na naamini amepika."