Choo Kina Utaratibu, Kibofu Je?

Kila Ijumaa baada ya masomo, mashabiki wa mwimbaji Malkia Radi walijazana uani kwa kina Kidoti. Walicheza nyimbo zake, wakabishana, kisha wakapiga simu redioni kumpigia kura. Mama yake Kidoti, fundi cherehani asiyependa porojo, aliwavumilia mradi wasikanyage vitambaa.

Ijumaa hiyo hakuna aliyecheza. Choo cha wasichana shuleni hakikuwa na mlango tangu muhula uliopita. Rafiki yao Kipepeo alikuwa hanywi maji kutwa nzima ili asiende huko, na jana yake alianguka darasani.

"Ofisi ya elimu inasema tusubiri," alisema Kidoti. "Tusubiri nani mwingine aanguke? Redio tunaijaza simu mpaka wanatukoma. Leo tuipigie ofisi!"

Wakapiga. Lakini mazoea yana taabu. Ofisa alipopokea tu, Bonge akapayuka, "Namba saba, Malkia Radi!" Wa pili aliyempokonya simu naye ulimi ukamteleza vilevile.

"Nyie watoto, hapa si redioni!" ofisa alifoka, akakata simu.

"Basi tena, tumejiharibia," Bonge alinong'ona.

"Thubutu!" alisema Kidoti. "Jumatatu tutamfuata huko huko."

Mama akasimamisha cherehani. "Mnakwenda kuimba?"

"Kusema, mama."

"Basi kila mtu aseme lililompata mwenyewe. Atakayeongeza chumvi abaki nyumbani."

Jumatatu walijipanga mbele ya meza ya ofisa.

"Mashabiki wa redio tena?" aliuliza ofisa alipoisikia sauti ya Bonge.

"Shikamoo. Ndio sisi," Kidoti alijibu, kichwa juu. "Na leo hatukatiki kama simu. Tumefuata mlango wa choo cha wasichana."

"Mlango una utaratibu wake, binti."

"Na kibofu je?" aliuliza Bonge. "Dada yangu akiingia, mimi husimama nje nimetandaza sweta langu kumkinga."

Kipepeo akasogea. "Mimi nilianguka kwa sababu sinywi maji shuleni. Nilikuwa naona haya. Sasa sioni tena. Aone haya anayetunyima mlango."

Ofisa alifungua faili lake, akalifunga. Kisha akainua simu, akamwita seremala.

Jumatano mlango ulisimama, na komeo lake kwa ndani. Uani vifijo vikapaa. Bonge akajitapa kwamba kelele zao ndizo zilizomshinda ofisa.

"Kelele mlipiga Ijumaa, akawakatia," alisema mama. "Wingi wenu ulimfanya ageuke awasikilize. Ukweli wenu ndio uliomkosesha jibu. Mkiwa wengi, msidanganye. Mkiwa wakweli, msinyamaze. Haya, nani kakanyaga kitambaa changu?"