Pakiti Yenye Sura Mpya

Kila asubuhi dobi na mkewe walifua mashuka ya nyumba ya wageni. Hawakuwa na haja ya kupima. Pipa moja la mashuka, pakiti moja ya sabuni. Ndivyo walivyozoea.

Wiki moja mashuka yalitoka na madoa. Mwenye nyumba ya wageni akaja juu.

"Yakirudi hivi tena, natafuta dobi mwingine!"

Alipoondoka, dobi alimgeukia mkewe. "Sabuni unaipunguza kumpa dada yako, sivyo?"

"Mimi?"

Maneno yale yalimchoma. Lakini mama huyu alikuwa mdadisi, hata majirani walimwita Bi Kwa Nini. Akachukua pakiti kuukuu waliyowekea vibanio vya nguo, akaimwaga. Akachukua na pakiti mpya, akaenda kwa jirani yao muuza duka.

"Shemeji, hebu zitazame hizi. Si ndugu?"

Muuza duka akacheka. "Ndugu, ila mmoja kakonda. Soma huku nyuma, chini."

Mama alisoma polepole, kidole kikifuata maandishi. Kuukuu, kilo moja. Mpya, gramu mia nane.

"Kwa nini bei ni ileile?"

"Bei ikipanda, wateja mnapiga kelele. Basi kampuni inapunguza sabuni. Mbele inaandika kwa herufi kubwa, 'Sura mpya! Bei ileile!' Uzito unaandikwa nyuma, herufi kama sisimizi. Hawajasema uongo, ila jambo lenyewe wamelificha."

"Sasa nifanyeje?"

"Ukiona neno 'mpya', geuza pakiti. Soma uzito, linganisha na sabuni nyingine, ndipo ununue."

Nyumbani, dobi alizisoma pakiti zote mbili. Aibu ikamshika.

"Nisamehe, mama watoto. Nimekuonea."

"Na dada yangu?"

"Naye nitamwomba radhi."

Tangu hapo wanapima sabuni kwa kikombe. Mashuka yakarudi kuwa meupe pee. Lakini gharama iliongezeka, ikabidi nao wapandishe bei.

"Tumwambie tajiri tumeleta ufuaji wa kisasa," dobi alisema.

Mkewe akaangua kicheko. "Na wewe umeshakuwa kampuni?"

Akaenda mwenyewe kwa mwenye nyumba ya wageni. "Bei yetu inapanda kidogo. Sabuni kwenye pakiti imepungua, na bila sabuni ya kutosha mashuka hayatakati."

Yule bwana alikunja uso, kisha akashusha pumzi.

"Sijafurahi. Lakini umeniambia waziwazi. Haya, chukua mashuka."