Tone la Dawa Namba 41

"Ngoma imeanza."

Maneno mawili tu sikioni, na Kalekye Nzomo akawasha pikipiki yake. Kwa lugha ya Idara ya Ujasusi, maana yake ilikuwa moja: kilichoibwa kinasafiri. Kifuate. Usikiguse.

Gari jeupe aina ya Probox lilikata kona Dagoretti Corner bila indiketa, likashika Ngong Road kuelekea mjini. Ndani alikuwamo Brandt, mgeni aliyejiita mfadhili wa sayansi. Asubuhi hiyo alikuwa ametembelea maabara moja huko Loresho. Alipoondoka, chupa moja haikuonekana tena.

Kalekye alimpigia mwenye maabara, Daktari Sahar Taib.

"Daktari, ameiba nini hasa?"

"Dawa namba 41."

"Inafanya nini?"

Nyuma ya sauti yake panya walisikika wakikwaruza vizimba.

"Panya wangu wana jeni ya ugonjwa wa Huntington," Sahar alisema. "Katika ugonjwa huo, mawasiliano ya seli za ubongo huharibika mapema, kabla mwili haujaonyesha lolote. Mwanzo zinapigiana kelele mno. Baadaye zinanyamaza. Nilitafuta dawa ya kuzituliza. Hiyo namba 41 ikafanya kinyume. Niliwapa panya wazima tone moja. Siku ya tatu miguu ikaanza kurukaruka yenyewe. Wakasahau hata chakula kiko wapi."

"Walipona?"

"Hakuna hata mmoja."

Kalekye akaongeza mwendo.

"Baba yangu alikufa kwa Huntington, dada," Sahar alisema. "Majirani huko Lamu walisema ana pepo. Nilianza kazi hii kwa ajili yake. Tafadhali..."

Redio ya Idara ikamkatiza.

Aliyeita alikuwa Waithera, mkuu wa Kalekye.

"Uko wapi?"

"Nyuma yake, madam. Anaingia Kenyatta Market."

"Jaji Mungai anakula hapo kila Ijumaa, kama leo. Jumatatu anatoa hukumu ya kesi ya magendo ya silaha."

Kalekye akaelewa. Ilikuwa saa saba, saa ya chakula.

Hakuna risasi. Hakuna maiti. Jumatatu, siku ya tatu, Jaji angeanza tu kutetemeka mbele ya mawakili, akisahau majina. Watu wangemhurumia. Kesi ingeanza upya kwa jaji mwingine. Nani angeuliza?

"Nimshike?"

"Bado, mpaka aitoe hiyo chupa. Bila hivyo hatuna kitu."

Soko lilijaa moshi wa nyama. Wasusi wa nywele waliita wateja. Kalekye alipenya kati yao, mkono karibu na bastola yake ya Glock chini ya koti.

Akamwona.

Brandt alisimama kwenye kaunta ya kibanda cha nyama choma, akitabasamu, akiuliza bei ya mbavu. Mkono wake wa kushoto ulipita juu ya sahani ya kachumbari.

Kichupa kidogo, kama cha dawa ya macho.

Tone.

Mhudumu akainua sahani, akaenda nayo moja kwa moja kwa mzee wa miwani aliyekaa peke yake pembeni. Jaji tayari alikuwa amenyoosha mkono.

Hatua nne. Tatu.

Kalekye aliichukua sahani hewani.

"We madam, hiyo ni ya mzee!" mhudumu alifoka.

Hakumjibu. Brandt alikuwa amekwisha kuketi meza ya nyuma ili atazame. Kalekye akaketi mbele yake, akaisukuma sahani mpaka ikagusa kifua chake.

"Karibu. Kula."

Tabasamu likayeyuka.

"Sina njaa."

"Kijiko kimoja tu."

Brandt aliitazama nyanya kama mtu anayetazama nyoka. Mkono ukateleza mfukoni. Mdomo wa Glock ukamgusa goti chini ya meza.

"Kichupa. Weka mezani. Polepole."

Akakiweka.

Maafisa wawili wa Idara, waliokuwa wamejichanganya na wateja, wakamwinua kwapani, huku na huku. Mmoja alivaa glovu, akafunga sahani na kichupa kwenye mfuko wa plastiki.

"Kuna nini, binti?" Jaji aliuliza, uma ungali mkononi.

"Kachumbari imeharibika, mheshimiwa. Waambie wakukatie ingine, uone wakikata."

Kalekye akavaa helmeti, akapita katikati ya moshi bila kugeuka.