Kompyuta ya Baba Iliyokataa Kuwaka

Kila alasiri, Kidoti akirudi kutoka shuleni, alifuata utaratibu uleule. Alivua sare, akanawa mikono na uso, akala alichowekewa, kisha akavuta kiti kifupi hadi kando ya kitanda cha baba yake na kumsomea gazeti. Jina la Kidoti alilipata kwa ajili ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo wake, nalo likamganda mpaka walimu wakasahau lile lililoandikwa kwenye rejista.

Baba alisikiliza tu. Alikuwa mnadi, mtu wa kunadi mali sokoni, na kwa miaka mingi sauti yake ilisikika kutoka lango la soko hadi barabara kuu. Watu walisema akinadi kiti kibovu, hata mwenye kiti hushikwa na hamu ya kukinunua tena. Kisha uvimbe ukaota kooni. Madaktari waliukata, na sauti ikaenda nao. Ugonjwa ukamwachia pia mikono inayotetemeka. Akishika kalamu, herufi zilipandana zikawa kama nyasi zilizokanyagwa. Akishika simu, kidole kimoja kiligonga herufi tatu kwa mpigo.

Ndiyo maana kaka yake Kidoti, aliyekuwa akisomea ufundi wa elektroniki chuoni, aliamua kumuundia baba kompyuta. Ingekuwa na kibodi yenye vitufe vikubwa. Baba angebonyeza herufi mojamoja polepole, na kompyuta ingeyasoma maneno yake kwa sauti. Vipande alivikusanya huku na huku. Kasha aliliokota kwenye stoo ya chuo, skrini alipewa na fundi mmoja wa mtaani, na bodi, yaani lile bamba la kijani linalobeba vyote, alipewa na rafiki yake wa darasani waliyemwita Mrefu.

"Wewe utakuwa msaidizi wangu," kaka alimwambia Kidoti siku waliyoanza kuiunga. "Lakini nakujua. Mikono yako kama imepakwa mafuta. Ukiangusha kitu, nakutoa nje."

Kidoti alicheka, lakini maneno yale yalimkaa moyoni. Alimshikia kaka tochi, akampa bisibisi, akapanga skrubu kwenye kifuniko cha kopo. Kaka aliiweka bodi juu ya vijiguu vyake vya shaba ndani ya kasha, kisha akatoka kwenda kuazima waya kwa jirani. Kidoti akaona aanze kukaza mwenyewe ili kaka akirudi akute kazi imesonga. Skrubu ya kwanza ikamponyoka. Ililia *ti!* ndani ya kasha, kisha kimya. Aliinama, akamulika, akatikisa kasha kidogo. Hakuiona.

Hatua za kaka zilisikika uani. Kidoti akachukua skrubu nyingine haraka.

"Vipi, mambo yako sawa?" kaka aliuliza.

"Sawa, kaka."

Kitu kidogo kama punje ya mtama, alijiambia, kitaidhuru vipi kompyuta nzima?

Walipomaliza, walimwinua baba, wakamwegemeza kwenye mito aone. Mama aliacha cherehani yake, akaja na nguo ya mteja ingali begani. Kaka alibonyeza kitufe. Feni ikashtuka, ikazunguka kidogo, ikasimama. Skrini ikabaki nyeusi tii. Alibonyeza tena. Feni ikashtuka, ikasimama.

"Labda inaona haya," mama alisema. Hakuna aliyecheka. Baba alifumba macho, akageuza uso ukutani.

Tangu siku hiyo kaka hakuwa na raha. Alitafuta tatizo kama walivyofundishwa, kitu kimoja baada ya kingine. Alichomoa nyaya zote, akazichomeka upya. Alitoa kijiti cha kumbukumbu, akayasugua meno yake ya shaba kwa ufutio, akakirudisha mpaka kikalia *ta*. Alikipeleka kisanduku cha kugawa umeme kwa fundi, akaambiwa ni kizima. Alirudi nacho, akakifunga, akabonyeza. Feni ikashtuka, ikasimama.

"Inazimika namna hii kama kuna mahali inapiga shoti," alimweleza Kidoti. "Chuma kikigusa pasipotakiwa, umeme unapita njia ya mkato. Kisanduku kikihisi hivyo kinajizima chenyewe ili vipande visiungue." Akamtazama. "Hakuna kitu kilichoangukia humu ndani?"

Huu ndio ulikuwa wakati wa kusema, na Kidoti aliujua. Lakini alikumbuka alivyokwisha kusema kwamba mambo yako sawa, akaona kulikana neno lake mwenyewe ni aibu kubwa kuliko kuangusha skrubu.

"Hakuna," alisema.

"Basi bodi yenyewe ndiyo mbovu," kaka alisema. "Mrefu kanitupia takataka zake."

Kesho yake alimwita Mrefu nyumbani. Mrefu alikuja anatabasamu, akidhani amealikwa kuona kompyuta ikiongea. Aliondoka hana hata tone la tabasamu.

"Bodi ile niliiwasha mwenyewe kabla sijakupa," alisema, amesimama mlangoni. "Itoe kwenye kasha uijaribu mezani, utaona."

"Nimeshaona vya kutosha. Ulitaka sifa kwa kitu kilichokufa."

"Umeniambia mbele ya mama yako kwamba mimi ni mwongo," Mrefu alisema taratibu. "Haya."

Kidoti alikuwa nyuma ya pazia, anayasikia yote. Alifungua mdomo, na mlango ukafungwa.

Wakati huo mambo ya baba nayo yalizidi kuharibika. Alianza kukataa dawa. Mama akimletea vidonge asubuhi, alivisukuma kwa mkono. Akivirudisha, baba alikaza midomo. Walimuuliza kama vinamchoma tumbo, akatikisa kichwa. Vichungu? Akatikisa kichwa. Amekata tamaa? Akatikisa kichwa kwa nguvu, akapigapiga godoro kwa kiganja, akachora alama hewani ambazo hakuna aliyezijua. Alijigusa macho, na mama akamfuta machozi yasiyokuwepo. Walimuuliza kila swali isipokuwa lile lenyewe.

Baadaye baba alianza kupapasa. Kikombe kikiwekwa mezani, mkono wake ulikipita. Mama alisema ni udhaifu, na udhaifu unatokana na kukataa dawa.

Alasiri moja Kidoti aliingia chumbani na gazeti lake, akasimama palepale kizingitini. Mama alikuwa amepiga goti kitandani, amemshika baba taya kwa mkono mmoja kama anavyoshikwa mtoto, na kwa mkono mwingine anamtia kidonge.

"Meza, mume wangu. Meza, nakuomba. Unataka kuniacha na nani?" Mama alikuwa analia. Baba alitoa sauti ya upepo tu kooni, macho yamemtoka, mikono inatafuta pa kushika. Kisha akameza.

Kidoti aliliangusha gazeti, akatoka mbio hadi uani alikokuwa kaka anafua mashati yake.

"Kaka, nilikudanganya."

"Nini?"

"Skrubu. Iliniponyoka siku ile ulipoenda kwa jirani. Iliangukia ndani na sikuiona tena. Uliponiuliza nikasema hakuna. Na Mrefu..." Hakuweza kumaliza.

Kaka alisimama, povu likimchuruzika mikononi. Kidoti alingoja kofi au matusi. Havikuja. Kaka alifuta mikono kwenye suruali na kuingia ndani.

Alimfuata, akashika tochi bila kuambiwa. Kaka alifungua skrubu moja baada ya nyingine, akachomoa nyaya, akainyanyua bodi. Ile skrubu ilikuwa pale chini, imebanwa kati ya bodi na bati la kasha, imekwaruza alama ndogo inayong'aa.

"Sijui kama haijaiua," kaka alisema.

Aliiweka bodi mezani juu ya kadibodi kavu, akaunganisha vile tu vilivyohitajika, akabonyeza. Feni ilishtuka, ikazunguka, ikaendelea kuzunguka. Skrini ikawaka. Hakuna aliyeshangilia. Kaka aliinamisha kichwa mezani, akakaa hivyo kidogo, kisha akaanza kuirudisha ndani ya kasha.

Walipomsogezea baba kibodi, alikuwa anahema. Alilaza kiganja juu ya meza ili mkono utulie, akazitafuta herufi kwa kuzikaribia sana, pua karibu iguse vitufe. Ilichukua muda mrefu. Kisha kompyuta ikasema, kwa sauti kavu kama ya mgeni anayesoma Kiswahili kwa mara ya kwanza:

"Vidonge vyeupe. Naona giza. Daktari alisema nikiona giza niviache."

Mama alikaa chini sakafuni. "Nilikuwa namshika taya," alisema. "Kila siku nilikuwa namshika taya."

Walimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari alimmulika macho, akasoma faili lake, akakunja uso. Alithibitisha kwamba siku ya kumruhusu kurudi nyumbani alimpa mgonjwa onyo hilo yeye mwenyewe, na kwamba lilipaswa kufika kwa wote wanaomuuguza. Vidonge vyeupe vilibadilishwa. Jicho la kushoto lilirudi kidogokidogo. La kulia halikurudi.

"Mngekuja mapema zaidi," daktari alisema, "pengine yote mawili yangepona."

Kaka na Kidoti walienda nyumbani kwa Mrefu kuomba radhi. Kidoti alieleza yote mwenyewe, macho chini. Mrefu alisikiliza amesimama mlangoni.

"Nashukuru umesema," alimwambia Kidoti. Kaka naye alipoomba radhi, Mrefu alimwambia tu, "Nimekusikia." Hakuwakaribisha ndani.

Waliporudi, baba alikuwa ameketi mbele ya kompyuta. Aliwaashiria wakae. Alibonyeza, akapumzika, akabonyeza tena, na wote wakangoja mpaka sauti ile kavu ilipoanza.

"Mwanangu wa kiume. Rafiki yako alikuambia uitoe bodi uijaribu. Hasira ilikuziba masikio. Endelea kwenda kwake hata kama hafungui mlango."

"Ndiyo, baba."

Baba alirudi kwenye vitufe. Safari hii alikawia zaidi.

"Kidoti. Mimi ugonjwa uliniondolea sauti. Wewe ulikuwa nayo, ukanyamaza. Kuangusha skrubu si kosa. Fundi gani hajaangusha? Kosa ni lile neno moja, hakuna. Ungesema palepale, ingekuwa kazi ya kuinama tu na kuiokota. Uliliacha mpaka likamfika Mrefu, likamfika mama yako, likanifika mimi. Nimekusamehe. Lakini jicho halijui kusamehe, kwa hiyo usisahau. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata sauti ikitetemeka."

Kidoti alilia, kisha akajifuta uso. "Nimesikia, baba," alisema, kwa sauti ya kutosha mama naye asikie kutoka chumba cha pili.